Bandikeni na bei ya wino

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza printa wa hapa Mbeya. Mteja akiulizia mashine ya nyumbani ya kuchapisha, kuskani na kutoa kopi, anaonyeshwa ile ya bei poa na kuambiwa "inashika Wai-Fai". Basi. Bei ya katriji, yaani kile kikasha cha wino, ataijua wino ukiisha, nao huwahi kuisha, maana katriji zinazokuja na mashine mara nyingi huwa na wino kidogo kuliko zinazouzwa kando.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Uyole, na wajukuu hutumiwa mazoezi kwa simu kila Ijumaa. Nilichukua ya matenki, unayojaza wino wa chupa. Kuinunua ni ghali, ila chupa moja nyeusi hutoa kurasa elfu kadhaa.

Wai-Fai nayo ina mambo yake: printa nyingi za nyumbani hushika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu. Ruta, kile kifaa kinachorusha Wai-Fai, ikirusha ya gigahezi 5 peke yake, printa haiioni, na fundi atakula hela yako bure.

Tena usiizimie ukutani. Zima kwa kitufe chake, kichwa cha wino kirudi kwenye kifuniko. Kikibaki wazi, wino hukauka kwenye matundu. Nimebandika karatasi juu ya soketi, mjukuu mkubwa bado anazimia ukutani!

Wauzaji, wekeni bei ya wino pembeni ya bei ya mashine. Kijana wa duka moja Mwanjelwa shikamoo alinipa, bei ya wino hakunipa: "Mama, wewe nunua kwanza."

Bibi wa Uyole, Mbeya