Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mnatupima Mkojo, Hamtuulizi Tunalalaje

Mheshimiwa Waziri,

YAH: SONONA NA WASIWASI KWA WAGONJWA WA LUPASI YA FIGO

Kwa heshima na taadhima nakuandikia nikiwa mgonjwa wa lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili, kwa mwaka wa 11 sasa, na miaka 7 kati ya hiyo figo zangu nazo zinaumwa. Nimekwisha kukuandikia mara mbili kupitia ofisi yako. Barua ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Hii ya tatu naiandika hadharani kwa sababu ya jambo nililoliona Jumanne iliyopita katika kliniki ya figo, ambalo limenikosesha usingizi kuliko dawa zangu.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, kila mtu na kichupa chake cha mkojo. Akaja mwenzetu mmoja, binti ambaye hakuonekana kwa miezi 3. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema andika, ila usinitaje. Basi nitamwita Dada. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vyake havimwingii, amevaa vya kaka yake, kamba zimeachwa wazi. Aliingia kwa daktari na mlango haukufungwa, kwa hiyo tulisikia wote. Aliulizwa kwa nini ameacha dawa. Akajibu, "Sijui, daktari. Nilichoka." Akaambiwa anachezea maisha yake. Alipotoka nilimshikia faili ili avae koti, na juu ya jalada nikaona maneno mawili kwa wino mwekundu: *Hafuati maelekezo.*

Ni hayo tu, Mheshimiwa. Hakuna aliyemuuliza amechoka nini.

Mimi najua alichochoka, kwa kuwa nimepita hapo. Lupasi ni kinga ya mwili iliyogeuka kumshambulia mwenyewe. Karibu wagonjwa 9 katika kila 10 ni wanawake, na wengi ugonjwa unatushika kati ya miaka 15 na 45, yaani wakati mtu anasoma, anatafuta kazi, anaolewa, anataka mtoto. Takriban nusu yetu unafika kwenye figo. Hapo unaanza kuishi kwa kuchungulia chooni: leo mkojo una povu au hauna? Povu likikaa bila kutoweka, ishara kwamba figo zinavujisha protini, siku imekwisha kabla haijaanza. Matibabu hayapungui miaka 3, hata ukijisikia mzima, na wakati wowote ugonjwa unaweza kulipuka upya.

Halafu zije dawa zenyewe. Prednisoloni, kidonge cha steroidi cha kutuliza kinga, imeniokoa, siikatai. Lakini ilinivimbisha uso mpaka shangazi yangu akanipita mlangoni akimtafuta "yule mgonjwa". Inaondoa usingizi. Kwa dozi kubwa inaweza kumtia mtu hofu, kumpandisha furaha isiyo na sababu, au hata kumvuruga akili. Saiklofosfamaidi, dawa kali ya kuizuia kinga, nayo inaweza kuharibu mayai ya uzazi. Nilikuwa na miaka 24 nilipowekewa karatasi ya kukubali hilo. Nilisaini, muuguzi akachukua kalamu yake, akaita jina linalofuata.

Mwaka ule ule, asubuhi moja, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwa na soksi moja mkononi. Mama aliingia, akatoka, akaingia tena. Saa nzima ilipita na soksi iko mkononi. Sikuwa nalia. Sikuwa na maumivu. Nilikuwa nimeshindwa kuamua kama kuna haja ya kuivaa. Wiki ile vipimo vyangu vya figo vilikuwa vizuri, na daktari alinipongeza kwa dhati kabisa. Nami nilimshukuru, nikarudi nyumbani kulala mchana wote na pazia limefungwa.

Wasiwasi nao una kalenda yake. Kwangu unaanza wiki moja kabla ya kliniki. Saa tisa usiku niko macho, nahesabu: protini kwenye mkojo ikipanda wataniongezea dozi, dozi ikipanda uso utarudi, figo zikikataa kabisa nitaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Nayahesabu haya peke yangu gizani, halafu asubuhi naambiwa presha yangu imepanda, nipunguze chumvi.

Naomba nieleweke, madaktari wetu sio watu wabaya. Wana foleni ndefu. Na kuna ugumu wa kweli: uchovu, kukosa hamu ya kula, usingizi kuvurugika, kusahausahau, vyote hivyo vinaweza kutoka kwenye figo, na vyote vinaweza kutoka kwenye sonona. Ni rahisi kuvitupia figo. Tena lupasi yenyewe inaweza kugusa ubongo. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani, American College of Rheumatology, kiliorodhesha hali 19 za ubongo, neva na akili zinazoletwa na lupasi, na matatizo ya wasiwasi na sonona yamo. Kwa hiyo mimi siwezi kusema yangu yaliletwa na ugonjwa, na dawa, au na msiba wa karatasi ile niliyosaini. Pengine na vyote. Lakini atakayepambanua lazima kwanza aulize.

Sasa nikukumbushe, Mheshimiwa. Miaka 2 iliyopita, tarehe 10 Mei, Siku ya Lupasi Duniani, ulisimama mbele yetu ukasema kabla ya mwaka kwisha kila kliniki ya figo itakuwa na mshauri wa saikolojia. Nilikuwa safu ya tatu. Nilipiga makofi mpaka viungo vya vidole vikauma, na wenye lupasi wanajua hilo si jambo dogo. Kweli, chumba kilipakwa rangi. Kibao kikabandikwa mlangoni: USHAURI NASAHA. Mshauri hajafika hata siku moja. Jumanne nilichungulia, ndani kumejaa maboksi ya glavu mpaka dirishani.

Nani amekwamisha? Nadhani figo ni idara moja na akili ni idara nyingine, na kila moja inangoja mwenzake atoe fedha. Kama nimekosea, nisahihishwe, lakini nisahihishwe kwa majibu.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Lipo dodoso la maswali 9 la kupima sonona, linaitwa PHQ-9, linatumika sehemu nyingi duniani. Kila swali linajibiwa kwa 0 mpaka 3, jumla 27, na linamalizika kwa dakika chache. Sisi kwenye benchi tunakaa saa nyingi. Tupewe tulijaze pale pale, kila kliniki, kama tunavyopimwa presha. Najua baadhi ya maswali yake yanahusu uchovu na usingizi, kwa hiyo jumla pekee haitoshi. Lazima awepo mtu wa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe. Anayejibu ndiyo asiambiwe arudi baada ya miezi 2. Aonwe siku hiyo hiyo. Na akihitaji dawa ya sonona, daktari wa akili na daktari wa figo waongee wao kwa wao, maana dozi nyingine lazima zilingane na nguvu ya figo. Asiwe mgonjwa ndiye tarishi.

Dada aliacha hata prednisoloni kwa ghafla, kitu kinachoweza kuuangusha mwili vibaya kwa kuwa tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zimeshazoea kutegemea kidonge. Ugonjwa ukalipuka. Sasa amerudi kwenye dozi kubwa, ile ile inayonyima usingizi. Mnamrudisha kwenye shimo lile lile mkiwa mmemwandika mkaidi.

Nilianza barua hii na maombi 6. Nimeyafuta, nimebakiza moja. Tuulizwe. Muuguzi amuulize mgonjwa, wiki mbili hizi umelalaje, unajisikiaje, kisha angoje jibu. Tuulizwe, Mheshimiwa, na jibu liandikwe kwenye faili kama inavyoandikwa protini.

Kliniki ijayo ni Jumanne ya tatu ya mwezi ujao. Mimi nitakuwepo. Dada amepangiwa siku hiyo hiyo, na nimemwahidi nitampitia nyumbani ili tuje pamoja. Naomba atakapoingia, mlango ufungwe, na swali la kwanza lisiwe la vidonge.

Wako,
Mgonjwa wa lupasi, benchi la kliniki ya figo