Sketi ya Sania na kiwembe changu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka sitini na moja, na kazi yangu naifanyia darini kwangu Langoni, hapa Lamu. Gazeti lenu hununuliwa na kijana wangu wa kiume, na hapa kwetu halitupwi: likisha kusomwa nalikatia vipimo vya mikono na kola. Ndivyo nilivyoiona barua ya msomaji wenu kuhusu wasichana na mpira. Nilikuwa nimeshailaza juu ya kitambaa, chaki mkononi, nikaona jina la Sania, mkasi nikauweka chini.

Msomaji huyo hataki watoto wa kike wa shule wacheze mpira, na mfano aliousimamisha ni Sania Mirza, yule Mhindi mcheza tenisi. Anasema alianza kwa sketi fupi na mwisho wake akaachwa na mume. Basi. Maisha ya mtu mistari mitatu. Nanyi mkaipamba barua kwa picha ya Sania wa miaka ile ya kumi na minane, yuko hewani na sketi imepepea, kana kwamba tangu siku hiyo hajashuka chini.

Nianze na hilo la kuachwa. Mumewe, Shoaib Malik, mcheza kriketi wa Pakistan, alitoa picha za ndoa yake nyingine mwezi Januari 2024. Watu wa kwao Sania wakasema wawili hao walikuwa wametengana kisheria miezi kadhaa kabla, na babake akataja kuwa ilikuwa khului. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufunuliwa kitabu kujua talaka ni ipi na khului ni ipi. Aliyejikhului ni mwanamke aliyeinuka mwenyewe akatoka. Msomaji wetu analijua hilo vizuri, ila lingemharibia hadithi.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya ndoa ya watu. Nina deni langu na Sania, na sijawahi kulisema nje ya nyumba.

Mwaka 2005 jirani yangu alikuwa na dishi, na binti yangu, miaka kumi na mitatu wakati huo, alikuwa hatoki kule. Siku moja akaja mbio: mama, kuna mtoto wa Kiislamu wa Hyderabad amefika raundi ya nne ya mashindano makubwa ya Marekani, hakuna mwanamke wa India aliyewahi kufika hapo! Alitolewa na Sharapova, tena kwa kipigo, lakini kwa mwanangu hilo halikupunguza kitu. Jina la Hyderabad nalijua tangu utotoni. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut kule Yemen, na alikuwa akituambia kuwa huko kuna mtaa mzima wa Wahadhrami, unaitwa Barkas, uliotokana na askari wa mfalme wa kule. Kwa hiyo nami nikamwona Sania kama mtoto wa jamaa wa mbali.

Binti yangu hakuwa na raketi. Alichukua mwiko wangu wa pilau, ule mkubwa wa harusini, akawa anapiga mpira ukutani kichochoroni, adhuhuri watu wakiwa wamelala. Punda wa jirani akawa hapiti tena njia ile bila kusukumwa. Baada ya wiki mbili akaniomba sketi.

Nikamshonea. Nilikuwa na tetroni nyeupe iliyobaki kwenye sare za shule. Nikaipiga marinda kumi na sita, kiunoni nikatia lastiki, na pindo nikalishusha chini ya goti, na ndani yake suruali. Hiyo ilikuwa ya kuchezea kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, penye kisima. Hakuna mwanamume angeiona ila babake. Nasema haya si kujitetea. Nataka mjue nguo yenyewe ilikuwaje kabla sijasema nilichoitendea.

Bibi mmoja wa mtaani alikuja kuchukua buibui lake. Akaiona imetundikwa. Akaishika pindo kwa vidole viwili, akasema, "Mwanangu, yeo ni marinda. Kesho ni yapi?" Hakusema jingine. Wiki hizohizo redioni tukasikia wanavyuoni fulani wa India wametoa fatwa juu ya mavazi ya Sania, na kwamba alipokwenda kucheza Kolkata ilibidi awekewe polisi wa kumlinda. Usiku ule sikulala. Alfajiri nikachukua kiwembe nikafumua marinda yote, moja baada ya jingine, nikapiga pasi, nikashona foronya mbili.

Binti yangu alipoamka akaona foronya. Hakulia. Aliurudisha mwiko jikoni, ila aliuosha kwanza.

Tangu hapo nikawa namfuatilia Sania kwa siri, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa aliyemwuguza vibaya. Na nilichokiona ndicho nilichotaka kumwambia msomaji wenu. Mimi nilidhani tatizo ni nguo. Ni fundi, ningedhani nini kingine? Nikajiambia akirefusha pindo watanyamaza. Haikupita miezi mitatu tangu fatwa, Novemba 2005, maneno yalikuwa yameshahama kutoka miguuni hadi kinywani: alikuwa ameulizwa juu ya kujikinga na maradhi ya zinaa, akajibu, wakachoma sanamu zake barabarani. Alipojieleza kuwa hakukusudia kuhalalisha zinaa, wakaja wengine, hawa wa kujiita watu wa kisasa, wakamlaumu kwa kurudi nyuma. Mwaka 2008 ikawa nyayo. Alipigwa picha Australia ameketi anatazama mchezo, miguu ameinyoosha juu ya meza, na bendera ya nchi yake iko karibu, mtu akamshtaki kwa kuidharau bendera. Hapo hapakuwa na sketi wala sheikh. Mwaka ule aliacha kwenda kucheza Bangalore, mashindano ya nchini mwake mwenyewe, kwa kuchoshwa na maneno.

Kisha akaolewa, 2010. Mtu angesema sasa amestirika. Wapi! Ikawa kosa ni mume wa Pakistan. Jimbo la Telangana lilipomteua balozi wake mwaka 2014, mwanasiasa mmoja akasimama akasema hafai kwa kuwa ni mkaza mwana wa Pakistan. Na huyo aliyesema hivyo hakuwa Mwislamu wala hakujali pindo liko wapi.

Nguo nimezishona miaka arobaini, najua kipimo kinavyofanya kazi. Ukimpima mtu ukaona nguo imembana, unaiachia. Ikiwa umeiachia mara tano na mwenye kulalamika bado analalamika, basi tatizo haliko kwenye nguo.

Sisi watu wa Lamu hatukupaswa kufundishwa hili na Mhindi. Nyanya yangu alikuwa akisimulia shiraa: wanawake wa majumba makubwa walipotoka walitembea chini ya kitambaa kilichoshikwa juu kwa miti na watumwa wa kike, kama hema linalotembea. Utumwa ulipokwisha nani angeshika miti? Likaja buibui, nalo lilikuwa geni, mtu yuko peke yake barabarani na umbo lake linajulikana! Leo buibui lile la zamani hata mimi siletewi oda yake. Wote wanataka abaya za Dubai zenye shanga mikononi. Ningeulizwa ni lipi kati ya haya matatu ndilo heshima, ningejibu kuwa mwenye kuniletea kitambaa ndiye anajua.

Tena msifikiri maneno huwafuata wenye nguo fupi tu. Shirika la mpira duniani, FIFA, lilikataza wachezaji kufunika vichwa, na mwaka 2011 wasichana wa Iran walizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman, mechi ya kutafuta nafasi ya Olimpiki, kwa sababu ya vitambaa vyao. Ruhusa kamili ilikuja 2014. Siku ile ya Amman wasichana hao walilia uwanjani mbele ya kamera. Huyu fupi mno, yule amejifunika mno.

Sasa, sketi ya Sania ni fupi, sikatai. Nisingemvalisha mwanangu nje. Dini yangu ni ileile ya msomaji wenu na sina elimu ya kubishana na mwanavyuoni. Lakini mwanamume naye ana tupu yake, kitovuni mpaka magotini, hili tumelisoma chuoni tukiwa watoto. Mimi ndiye ninayewapunguzia vijana wa mtaa huu kaptura za mpira. Mapaja yao yote nayajua kwa inchi. Sijaona barua gazetini.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni la picha. Sania amestaafu Februari 2023, huko Dubai, akiwa mama wa mtoto mmoja. Alishinda mataji sita makubwa ya wachezaji wawili wawili, matatu akiwa na mwanamume mwenzake wa mchezo na matatu na Martina Hingis wa Uswisi. Mwezi Aprili 2015 alikuwa wa kwanza duniani katika mchezo huo wa wawili, na yeye na Hingis walikaa mechi arobaini na moja bila kushindwa. Kuna picha chungu nzima wameshika vikombe. Mkaichagua ile ya sketi kupepea, kisha mkaiweka juu ya barua inayolalamika kuwa sketi inaonekana. Nani basi aliyeionyesha?

Na jambo la kifundi, kwa wasiojua: sketi ya tenisi ina kaptura ndani, imeshonewa humohumo. Mchezaji huweka humo mpira wa akiba, akikosa servisi ya kwanza anautoa bila kwenda kuutafuta. Ni nguo ya kazi, ina mfuko wake, kama aproni yangu.

Binti yangu sasa ana miaka thelathini na mitatu. Foronya moja iliraruka zamani. Nyingine anayo kwake, na mjukuu wangu ndiye anayeilalia. Mjukuu huyo ana miaka kumi na mmoja, anacheza mpira wa miguu shuleni, beki, tena mkali. Timu yao inavuka kwenda Mokowe mwezi ujao. Mwalimu amenipa oda ya suruali kumi na tano za kitambaa cha kuvutika, lastiki vifundoni, na vifuniko vya kichwa vya kitambaa cha fulana visivyohitaji pini, maana pini humchoma mtoto akipiga mpira kwa kichwa. Binti yangu alikuja juzi, akakuta nimeziweka mafungu sakafuni. Akaokota moja akaitazama mshono ndani na nje, kama anayekagua. Akaniuliza, "Hizi hutazifumua?"

Nikamwambia akae anisaidie kutia lastiki. Tumemaliza tisa.

Zilizobaki zitangoja kidogo, kwa sababu leo Alhamisi nina kaptura kumi na moja za vijana wa hapa mtaani zinazotakiwa kabla ya Ijumaa jioni. Maagizo niliyopewa ni yaleyale: "Mama fundi, pandisha kidogo."

Mama Fundi,
Langoni, Lamu