Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Lubumbashi

Wapendwa wanachama wa chama chetu cha wazazi wa watu wenye ulemavu wa akili,

Shughuli za kawaida mnazijua: mikutano minne ilifanyika, wagonjwa walitembelewa, na tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu, tulikusanyika Kamalondo hadi mvua ilipotutawanya kabla hotuba yangu haijakwisha. Naomba niishie hapo, maana wengi mmekuja kusikia habari za dola 90 za daktari wa meno.

Imesemwa, hata nje ya kanisa baada ya misa, kwamba mwenyekiti alimlipa daktari ambaye hakugusa jino lolote. Ni kweli nililipa, na hata leo ningelipa. Dola hizo zilikuwa za ziara sita za kuzoeana, yaani mgonjwa amzoee daktari kwanza, nami ndiye niliyemwendea mara tatu nikimsihi aseme na watoto wetu, ambao si watoto tena, badala ya kumuuliza mama "anaumwa wapi?" huku mwenye jino ameketi mbele yake. Kijana wetu wa Katuba, mwenye miaka 34, siku ya kwanza alisimama mlangoni akaziba masikio. Daktari alizima mashine, akampa kile kioo kidogo cha mdomoni akishike, akamweleza kwa maneno mafupi, kisha akamwonyesha kazi ya mashine juu ya ukucha. Wakapatana kwamba akiinua mkono, kazi inasimama; akauinua mara nne kwa kujaribu tu, na mara zote nne ikasimama. Katika ziara ya tatu jino liling'olewa bila mtu kumshika miguu, kazi iliyokuwa ikihitaji wanaume watatu, mimi nikiwa mmoja wao.

Wanaodai kwamba kwa fedha hizo tungenunua miswaki wakumbuke kwamba wenye hali ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, huugua fizi mapema, na kwamba mtu asiyeweza kueleza maumivu hukataa chakula au hujipiga shavu, nasi tukamwita mkaidi. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za mtu mwenye ulemavu. Sioni itamlindaje ikiwa hata jino lake husemewa na mama.

Katika wanachama 41, mkutano uliopita walikuja 13, na waliolipa mchango kamili ni 17. Waliolalamika zaidi juu ya dola hizo, kwa mujibu wa daftari, hawajalipa tangu Machi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutatafuta daktari mwingine upande wa Ruashi, na pengine picha za kuonyesha hatua za matibabu. Mweka hazina ameketi karibu na mlango, na kitabu cha risiti kiko wazi.