Naenda Wundanyi Kujifunza Udongo

Mtaa wa Langoni,
Lamu.
Julai, kusi limekaza

Sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, mimi na jamaa wote tu wazima, alhamdulillahi, na natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Malindi. Mamako nilimpitia baada ya alasiri. Goti limepoa, anatembea mwenyewe mpaka barazani, na amenikabidhi kopo la achari nikuletee. Nakuja nalo kwa mkono wangu, maana nitalala kwako usiku mmoja, na asubuhi yake nashika njia ya Mombasa, kisha Voi, kisha Wundanyi.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, na sauti yako naijua tangu madrasa. Fundi wa chokaa wa Lamu, aliyezaliwa ndani ya kuta za mawe, anapanda milima ya Taita kufundishwa matofali ya udongo? Laini ikakatika kabla sijakujibu. Si vibaya, kwa kuwa jibu lenyewe ni refu na kwa simu ningelipunja.

Kwanza kuna habari ya dada. Amepata kiwanja kijiji cha Hindi, ng'ambo huko bara, na anataka vyumba viwili na baraza, basi. Nikakaa naye tukapiga hesabu ya nyumba kama tuliyozaliwa. Mawe ya matumbawe hayachimbwi tena kama zama za babu zetu, na mimi sitaki yachimbwe, kwani mwamba ukivunjwa samaki wanakosa pa kuzalia. Boriti za mikoko ulikuwapo hapa mwaka 2018 marufuku ya kukata miti ilipoingia mpaka mikokoni, ukaona nyumba zilizobaki bila dari. Yaliyobaki ni matofali ya simiti, na kila mfuko wa simiti unapanda lori kutoka mbali kabla haujafika Hindi. Dada akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa nini tusijenge kwa udongo ule ule anaoukanyaga. Sikuwa na jibu la kifundi la kumpa. Niliyokuwa nayo ni majibu ya watu wa mjini, kwamba udongo ni nyumba ya shamba, udongo unaliwa na mchwa, udongo unaanguka mvua ya masika.

Jambo la pili limenikaa moyoni zaidi. Ukija, nitakutembeza mtaa wa Mkomani nikuonyeshe kuta zilizopigwa plasta ya simiti. Utalia. Ukuta wa matumbawe hauwi mkavu kabisa hata siku moja: maji yanapanda kutoka chini, na maji yetu yana chumvi. Plasta ya chokaa inayaachia yatoke polepole, na hata ikimomonyoka kidogo kila baada ya miaka unairudishia, jiwe liko salama. Simiti inayafungia ndani. Chumvi inakusanyika nyuma yake, inaganda chembe chembe, chembe zinasukuma, na siku moja plasta inaporomoka pamoja na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo anasema plasta ilikuwa nyembamba, analeta fundi mwingine aipige simiti nzito zaidi. Mji huu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sisi wenyewe tunaula ukuta kwa ukuta, huku tukilipa pesa. Nashindwa kulizoea hili. Kila ninapopita kichochoro chenye plasta iliyobambuka nasimama, watu wananipita na punda wao.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Mzee aliyenifundisha kazi amekuwa akisema miaka yote kwamba ukuta wa udongo na ukuta wa matumbawe ugonjwa wao ni mmoja na dawa yao ni moja, nami nilikuwa nalisikia tu likipita. Mwaka huu nimeanza kulielewa. Udongo nao unataka koti linalopitisha unyevu, ukiuvika simiti unaoza ndani usione. Kwa hiyo mtu anayejua chokaa ana kazi kubwa ya kufanya kwenye nyumba za udongo za bara nzima, kuanzia Hindi mpaka Mpeketoni, mpaka huko kwenu Magarini. Ninachokosa ni kuujua udongo wenyewe. Chokaa naijua kwa ulimi na kwa ncha za vidole. Udongo kwangu bado ni kitu cha kukung'uta viatuni.

Ndiyo maana nilipopata habari za mafunzo haya nikaomba nafasi siku hiyo hiyo. Ni chuo kidogo, juu ya Wundanyi, katikati ya mashamba ya watu. Nimeambiwa darasani mnakaa asubuhi kidogo tu, saa zote zilizobaki mikono imo ndani ya matope. Mnachimba wenyewe, mnachekecha wenyewe, mnabana matofali kwa mashine ya mkono, na mwisho mnapandisha ukuta na kuupaka. Hakuna kuchoma. Hilo limenifurahisha sana, kwa kuwa tofali la tanuri linakula kuni kama chokaa yetu inavyokula, na milima ile imebakiwa na vipande vidogo tu vya msitu wa asili, vyenye ndege ambao hawapatikani pengine popote duniani.

Wametutumia mazoezi ya kufanya nyumbani kabla ya kusafiri, na nimeyafanya kwa bidii mpaka mke wangu ameficha chupa zake. Unachukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, unatia udongo hadi thuluthi moja, unaongeza maji, chumvi chembe kidogo, unatikisa kwa nguvu, unaiweka mahali isiguswe. Mchanga unatua kwanza, kabla hujamaliza kunawa mikono. Kisha unatua ule unga laini wa kati. Udongo wa mfinyanzi ndio wa mwisho, unaweza kulala na kuamka maji bado yana rangi. Ukitulia wote unapima tabaka kwa rula na unajua udongo wako una nini. Jaribio jingine ni la mkononi: unalowesha udongo kidogo, unafinyanga donge, unanyoosha mkono usawa wa bega na kuliachia lianguke mahali pagumu. Likivunjika vipande vichache, unyevu wake unafaa kubanwa. Likibaki zima limebonyea tu, maji yamezidi. Likitawanyika kama unga, maji hayajatosha. Nimejaza madonge ua mzima. Wanangu wanadhani nimewaletea mchezo.

Na udongo wa juu haufai, yahe, ule mweusi wenye mizizi na majani yaliyooza. Huo unautenga pembeni urudi shambani, unachimba wa chini yake. Ukiwa na mchanga mwingi unachanganywa simiti kidogo, kiasi cha sehemu tano katika mia. Ukiwa na mfinyanzi mwingi ni chokaa inayoushika vizuri zaidi. Niliposoma mstari huo wa chokaa nilisimama kitini. Halafu matofali yakishabanwa hayaanikwi juani, yanawekwa kivulini, yanafunikwa na kuloweshwa kwa siku kadhaa ili yakauke taratibu. Hapo hapana tofauti na plasta yetu, ambayo tunainyunyizia maji na kuitundikia magunia yaliyoloa jua likiwa kali.

Hapa ndipo ninapokuhitaji. Kila mwanafunzi ameombwa aje na udongo wa kwao, ili tuupime pamoja na kila mtu ajue atakachofanya akirudi. Wa Hindi ninao tayari, nilivuka na dada tukachimba kiwanjani kwake, kina cha mkono mzima. Nataka na ule mwekundu wa Magarini. Najua shemeji ana watu wake upande wa Marafa. Ukimwomba mtu akuletee debe dogo, nusu yake yatosha, lakini achimbe chini, asichote wa juu, na autie kwenye mfuko safi usiochanganyika na kitu. Mwambie aandike umetoka wapi na kina gani. Nawajua vijana wetu, atachota barabarani aseme ni ule ule, kwa hiyo tafadhali msimamie.

Upande wangu nimejaza ndoo yenye mfuniko chokaa iliyokwisha kutiwa maji zamani, ile ya shimoni kwa mzee, laini kama samli, na juu yake nimeacha maji yaifunike isikutane na hewa. Ikifunikwa hivyo inakaa hata miaka. Chokaa hai, ile ambayo bado haijatiwa maji, sichukui kabisa, ikipata maji ndani ya buti la basi itachemka na kuunguza mizigo ya watu. Nataka kuona chokaa ya Lamu itafanya nini juu ya ukuta wa udongo mwekundu, kwenye baridi na ukungu. Chokaa inakuwa jiwe tena kwa kuvuta ile hewa ukaa iliyofukuzwa na moto wa tanuri, na kwenye baridi kazi hiyo huenda polepole. Mzee ameniagiza nimpigie simu kila jioni nimweleze rangi yake na inavyolia ukiigonga kwa kucha. Amenipa mwiko wake mdogo wa kuchorea, ule aliotengenezea zidaka, vishubaka vya ukutani, za nyumba nyingi za mji huu. Nimeufunga kwa kitambaa ndani ya nguo. Vyombo vingine ni vya kawaida, mwiko mkubwa, timazi, pima maji, uzi, futi, glavu, na mafuta ya nazi ya kupaka mikono usiku.

Baridi ndiyo inayonitia wasiwasi kidogo. Wundanyi iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, wakati sisi tunaoga maji ya bahari mlangoni. Nimeambiwa Julai na Agosti ndiyo miezi yao ya baridi kuliko yote, na ukungu unashuka mpaka mashambani. Unajua unatoka wapi ukungu huo? Ni kusi hili hili. Upepo unaozuia majahazi yetu huku unavuka nyika ya Tsavo, unagonga milima ile, unapanda, unapoa, unageuka mawingu. Nimefurahi sana kulijua hilo. Nitakuwa mbali na nyumbani na upepo utakuwa ule ule.

Sweta ninalo moja la mitumba, limetoboka kiwiko. Kama lile koti lako la miaka ya Limuru bado lipo, niazime. Na buti za mpira, miguu yetu saizi moja. Soksi nimenunua. Mke wangu amenishonea kofia yenye pamba ndani, anasema kofia ya vito, ile yetu ya kudarizi, haizuii baridi, na sikubishana naye. Nimepiga simu chuoni kuulizia chakula na mahali pa kuswalia, wakanijibu kwa heshima na ukarimu mkubwa, jikoni wamezoea wageni wa pwani. Hilo limenipa utulivu, maana mama lilimkosesha usingizi.

Safari yenyewe nimeipanga hivi. Nitavuka Mokowe na boti ya alfajiri, maji yakijaa, nishike basi la kwanza. Kitambulisho kitakuwa mfuko wa shati, vizuizi vya njiani bado vipo. Mvua za mwisho wa 2023 zilipokata barabara upande wa Tana watu walivuka kwa boti, ila msimu huu njia ni kavu, inshallah nitakuwa kwako kabla ya magharibi. Usihangaike na karamu. Nipikie samaki wa kupaka na wali, tuzungumze. Kesho yake nitapanda matatu mpaka Mombasa, nilale kwa shangazi, na asubuhi niwahi Miritini treni ile inayosimama vituoni inishushe Voi. Kutoka Voi ni matatu ya kupitia Mwatate, na kutoka hapo, wanasema, ni kona na kupanda mpaka ufike. Ndoo ya chokaa nitaipakata.

Nikirudi nitapitia kwako tena kabla ya kuvuka, kwa sababu nina ombi jingine na nataka ulifikirie wakati mimi niko huko. Wewe ni fundi wa mbao. Mlango wa dada na madirisha yake nataka uyachonge wewe. Tukianza kuta baada ya mvua za vuli, zitakuwa tayari kupokea fremu kabla ya masika, na kabla ya masika lazima paa liwe juu, hapo hakuna mjadala. Vipimo nitakutumia kwa simu kutoka Wundanyi mara nitakapojua ukubwa wa matofali yatakayotoka kwenye mashine yao, kwani upana wa dirisha utafuata hesabu ya matofali. Usikate mbao yoyote kabla ya hapo.

Nisalimie shemeji, watoto, na jirani yako wa duka. Mwambie yule mkubwa nimemtengea chupa yake ya kupimia udongo, aanze kutafuta mahali pa kuiweka ambapo wadogo zake hawataitikisa.

Udongo wa Magarini usisahau. Uwe chini ya ule mweusi.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Langoni