Faiba sio waya wa shaba jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita huku Mwanjelwa kijiko kilikuwa kinachimba mtaro kikakata kebo ya faiba, ile ya nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga wa leza, mtandao ukazima mtaa mzima, sisi wa steshenari tukabaki tunaangaliana na wateja. Kabla mafundi hawajafika vijana wa vyuma chakavu walishawahi, wanavuta wakidhani ni shaba, wakakuta nyuzi za kioo hazina bei yoyote, na mmoja akaweka kabisa jicho kwenye ncha aone kama kuna taa. Kijana wangu usirudie! Leza ya humo mara nyingi ina urefu wa wimbi wa nanomita 1310 au 1550, macho hayaioni kabisa, ila jicho inaweza kuliumiza vilevile.

Kilichonifanya niandike ni watu kuwasema mafundi, eti siku nzima kwa waya mmoja, si wafunge na selotepu. Sasa ule uzi mwanga unapita kwenye kiini chenye upana wa mikroni 9 hivi (mikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu), nywele yako ni nene kuliko hicho mara kadhaa, kwahiyo ncha mbili lazima zitazamane sawasawa ndo ziyeyushwe na cheche ya umeme, zikikaa upande kidogo tu mwanga unamwagika nje. Na kebo moja ina nyuzi kibao, wanaunga mmoja mmoja.

Hata ikiwa nzima mwanga unachoka. Kila kilomita 15 hivi unabaki nusu, toka hapa mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, yaani unagawa kwa mbili mara 20, inabaki chembe moja kwenye milioni! Ndo maana njiani wanaweka kipande cha faiba chenye madini ya erbiamu, kinasukumwa na leza nyingine, mwanga ukipita humo unapata nguvu upya. Na yale mapigo ya mwanga yanayobeba data nayo yanatanuka, kila pigo lina rangi zake na kila rangi ina mwendo wake, kama wanafunzi wa mchakamchaka wametoka Uyole wamebanana wanafika Mafiati wametapakaa barabara nzima.

Ombi langu ni kwa wakandarasi, kabla ya kushusha kijiko ulizeni kebo imepita wapi, na wenye kebo wekeni alama zinazoonekana, sio kinguzo kimemezwa na migomba. Siku ile tulirudi hewani saa mbili usiku, wateja wote wameshalala.

Mwenye steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya