Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Wauguzi wetu wafundishwe pia kukaa na binadamu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha afya cha ngazi ya kati. Nimevumilia kwa muda mrefu nikiamini mitaala mipya itatufikia na sisi. Wiki iliyopita uvumilivu uliniishia.

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, akiwa katika mafunzo kwa vitendo, alimwambia mama mmoja kwamba mtoto wake amefariki. Alimwambia mbele za watu, mama akiwa kwenye foleni ya dawa za mtoto huyohuyo. Mama akaanguka, kijana akabaki amesimama na faili mkononi. Si katili kijana huyu. Darasani ni katika wanaoongoza, na dozi za watoto anazikokotoa bila kukosea. Lakini namna ya kumkabili aliyefiwa hatukumfundisha.

Wiki ya kwanza tunawakaririsha kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii. Baada ya hapo, miaka mitatu ni mwili, mwili, mwili. Maadili na sosholojia yamebaki kwenye vitini vinavyosomwa usiku wa kuamkia mtihani. Nahisi sababu ni kwamba mtihani wa vitendo unapima sindano na kidonda. Labda ni fedha pia: mwalimu wa fasihi katika chuo cha uuguzi anaonekana anasa.

Na lipo suala la lugha, ambalo linaniuma zaidi. Tunawafundisha kwa Kiingereza, tunawatahini kwa Kiingereza, kisha tunawapeleka zahanati kwa bibi anayeuliza kwa Kiswahili, "Mjukuu wangu, nitapona?" Ugonjwa wanaujua, maneno ya kumweleza hawana, ndipo wanapofoka. Halafu viongozi wanakuja ziarani kuwakemea mbele ya kamera kwa lugha mbaya kwa wagonjwa. Mheshimiwa, lugha nzuri waliipatia wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973, ili hata mhandisi na daktari waijue jamii watakayoitumikia. Vyuo vya kati, vinavyotoa watu wa kwanza kumpokea mgonjwa kijijini, vina kosa gani? Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, inasisitiza ujuzi na maadili. Ujuzi tumeuona. Maadili yanafundishwa na nani, saa ngapi?

Ninaomba somo moja, lenye mwalimu wake na vipindi vyake, kila muhula hadi wahitimu. Wasome hadithi na tamthilia za Kiswahili, wajadili kifo, aibu na umaskini, wafanye mazoezi ya kutoa habari mbaya. Na lipimwe kama sindano inavyopimwa. Somo moja tu, Mheshimiwa, na lianze mwaka huu wa masomo unaokuja, lisingoje mapitio mengine ya mtaala.

Mkufunzi wa uuguzi