Barua ya kufunga muhula: maji mafu, koroma na mashairi ya Darasa la Tano

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam. Tunafunga muhula salama. Fomu ya ripoti anayo mtoto. Isome, itie sahihi, irudi siku ya kufungua. Wenye deni la mahindi ya uji wamwone mwalimu wa zamu.

Hayo ni ya kila muhula. Ninalotaka kuwaandikia leo linaanza na kosa langu.

Mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Tano aliugua, nikashika vipindi vyake wakati watoto wanatunga mashairi ya bahari na mvua. Katika kusahihisha nikakuta mtoto kaandika: "Siku za maji mafu, mama haendi pweza." Nikapiga mstari mwekundu chini ya "maji mafu" na kuandika pembeni: Bahari haifi. Mnajua mimi ni mtu wa bara, bahari nimeijulia ukubwani.

Kesho yake mama yake akaja, daftari mkononi. Hakuja kugomba. "Mwalimu, samahani, hayo maji hayajafa, yamelegea tu." Akanieleza taratibu: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, mwamba ukabaki wazi, hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, hayajai sana wala hayatoki sana, hayo ndiyo maji mafu, na pweza mwambani hafikiwi kwa miguu. Nilimrudishia mtoto alama zake mbele ya darasa.

Nikarudia rundo lote la madaftari. Mstari ule ndio pekee ulionionyesha bahari ya hapa kwetu. Kwingine kila aliyekwama alijazia "maua mazuri sana". Hesabuni wenyewe: mizani (yaani silabi) nane kamili, ndiyo maana yanapendwa! Sikuwalaumu watoto, maana ndivyo tulivyowazoesha. Ila nilimuuliza mmoja ni maua ya nini, akasema hakuna maua, ni nazi ilianguka jikoni kwao. Nazi kweli, au dafu? Akafikiri. Ilikuwa ngumu kuliko dafu, lakini nyama yake haijakomaa. Nyuma mwenzake akaropoka: "Koroma!" Ubao ukapata "Koroma limedondoka", na hilo nalo ni mizani nane.

Tangu siku hiyo tuna sheria moja darasani. Tukisoma shairi, haturuhusu jibu la "linapendeza". Mtoto aoneshe neno lililomshika na aseme kwa nini. Kipindi kizima kiliishia kwenye ubishi wa rasharasha na manyunyu, mpaka msichana mmoja akasema manyunyu hayasikiki kwenye bati. Sina hakika wazee wote watakubaliana naye, lakini kabla ya hapo sikuwa nimemsikia akinyoosha mkono.

Tuliwapeleka pia ufukweni maji yakiwa yametoka. Wote walikuwa wameandika "mikoko" tu. Waliporudi, walijua mkoko ni ule unaosimama kwa mizizi kama miguu ya kaa, na mchu ni ule ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli. Viatu viliharibika, nawaomba radhi waliofua.

Baadhi yenu mliuliza, na kwa haki, matembezi hayo yana faida gani kwa mtihani. Mtihani wa Kiswahili wa Darasa la Saba una ushairi na utungaji. Lakini hata kama usingekuwa navyo, ningewatoa tu.

Sasa ombi la likizo. Hatutoi kazi nyingi. Kila mtoto wa Darasa la Tano na la Sita ana daftari dogo, na anatakiwa arudi na maneno kumi ambayo mwalimu wake hayajui. Maneno hayo mnayo ninyi: bibi anayesuka makuti, mjomba anayejua pepo za baharini, baba anayekwea minazi. Mtoto akiuliza "hii inaitwaje?" msimwambie "ni kitu cha chomboni" au "ni mti tu". Mpeni jina lake, na kama majina ni mawili, mpeni yote mawili. Asiyejua kuandika asione haya, mtoto ataandika, yeye aseme.

Yule mama wa pweza amekubali kuja kuzungumza na Darasa la Sita shule ikifunguliwa. Siku tutaipanga kwa kufuata mwezi, kwani wakati wa bamvua hapatikani.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu